Raia hajui? Na sisi je?

Ndugu vijana, leo tuanze na aibu yetu wenyewe.

Kisha matokeo ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023 kutoka, mama mumoja muuza makala hapa Beni alituita. Tulikuwa tunapita sokoni, watu wane, wote na diploma ya universite imelala ndani ya valizi nyumbani, wote bila kazi. Akasema: «Batoto bangu, ninyi mulisoma. Munieleze. Ule mutu tulimupatia kura sisi bote hapa, avenue muzima. Hata baba ya batoto, mwenye hatukubalianaka naye ku kitu, pale tulikubaliana. Tuliona hesabu ku mulango ya ofisi ya kura, alipita bote. Sasa juu ya nini haiko ye njo anaenda Kinshasa?»

Tukaangaliana. Mumoja wetu akajibu: «Mama, ni politiki.» Mwingine akaongeza: «Waliiba.» Na inawezekana waliiba, hatuko watoto. Lakini ukweli ni kwamba hatukujua. Tulijibu tu kwa sababu mutu mwenye diploma hawezi kubaki kimya mbele ya muuza makala. Mama akatuangalia, akapangusa mikono, akauliza: «Munajua ao munawaza?»

Lile ulizo lilitufuata mpaka nyumbani.

Siku zile zile, ndani ya kikundi chetu cha telefone, tulikuwa tunaandika maneno ambayo leo tunaona haya kuyasoma tena. «Raia wetu ni wajinga.» «Wanauza miaka mitano kwa mupira mumoja na chupa ya bia.» Kuna mwenzetu mumoja aliandika kwamba karte ya kupigia kura ingepewa tu mutu mwenye diploma ya Leta, na wengi wetu tukaweka kidole juu. Ni watu wale wale walioshindwa kumueleza mama namna kiti kimoja cha depite kinavyohesabiwa.

Basi tulitafuta sheria ya uchaguzi, tukaisoma. Ilituchukua siku tatu, maana imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Hii ndiyo tuliyoelewa, tunaieleza kama tungemueleza yule mama.

Fasi penye viti vingi, kura yako haiendi kwanza kwa mutu. Inaenda kwa orodha. Unabonyeza picha ya mutu ku mashine, sawa, lakini ile kura inaingia kwanza ndani ya kifuko cha chama chake ao cha muungano wa vyama ulioweka jina lake. Wanahesabu kwanza vifuko, kisha ndipo wanaangalia ndani ya kila kifuko nani yuko na kura mingi. Tuchukue mfano: fasi iko na viti 4 na kura nzuri 100 000. Wanagawanya, kila kiti ni kura 25 000. Orodha yenye kura 30 000 inapata kiti kimoja, na zile 5 000 zinazobaki zinaingia ndani ya mashindano ya mabaki, kwa sababu viti visivyojaa vinapewa orodha zenye mabaki makubwa. Sasa waza: mutu wako yuko peke yake mwenye nguvu ndani ya orodha yake, amepata 14 000. Jirani yake amepata 9 000 tu, lakini ndugu zake wa orodha wamemuletea zingine 21 000. Jirani anapita. Mutu wako anaweza kubaki, hata kama alimushinda.

Na hapo haijaisha. Tangu sheria iliyotangazwa Desemba 2017 kuko kizingiti: orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura zote za inchi haigawi viti vya bunge la taifa. Asilimia 1 ya inchi muzima, si ya Beni, si ya Nord-Kivu. Kama kura nzuri ni milioni 18, inahitaji 180 000. Kwa bunge la jimbo kizingiti ni asilimia 3. Kwa hiyo avenue muzima, kartie muzima, hata komine muzima inaweza kumupa mutu mumoja kura zake zote, na akabaki nje, bila mutu yeyote kuiba hata kura moja. Kwa sababu chama chake ni kidogo kule Kasai na Equateur.

Hatusemi kama ile sheria ni mbaya ao muzuri. Wengine wanasema inapunguza vyama vya mufukoni, wengine wanasema imetengenezwa kwa ajili ya wakubwa, na hata sisi kati yetu hatukubaliane. Tunasema kwamba mutu aliyepiga kura bila kujua ile hesabu hakuwa mujinga. Alifichwa. Mgombea alimuambia «unipatie mimi», hakumuambia «uangalie nani wako nami ndani ya orodha». Kwa siku 30 za kampanye, tangu 19 Novemba, tulisikia muziki, tulisikia honi za moto, hatukusikia mutu hata mumoja anayeeleza kifuko.

Na kuko kingine kidogo ambacho hakuna mutu anaangalia. Kila mgombea anaweka nyuma yake watu wawili, wanaitwa supleanti. Depite akipewa uminista, supleanti wa kwanza anakaa ku kiti chake. Sasa angalia majina. Mara mingi ni mutoto wake, ni bibi yake, ni muramu wake. Umechagua jamaa muzima na haukujua.

Sasa tuulize: nani angemueleza mama?

Katiba ya 18 Februari 2006 iko wazi, na ni hapa damu yetu inachemka. Kifungu cha 62 kinasema hakuna mutu anayeweza kujitetea kwamba hakujua sheria. Haya. Lakini kifungu cha 45 kinaweka juu ya wakubwa wa serikali kazi ya kueneza na kufundisha Katiba. Na kifungu cha 142 kinasema serikali inapaswa kueneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha ine za taifa, ndani ya siku 60 kisha kutangazwa. Lugha ine: Kikongo, Lingala, Kiswahili, Chiluba. Siku 60!

Tuulizane sisi kwa sisi, hapa: nani amekwisha kuona sheria ya uchaguzi kwa Kiswahili ku ukuta wa ofisi ya kartie yake? Nani ameona sheria ya kodi? Nani ameona bajeti? Sisi tumeishi hapa tangu kuzaliwa na hatujaiona. Mutu anawekwa ndani ya giza, taa inazimwa, kisha anatukanwa kwamba anajigonga ku kiti.

Kwa hiyo kila tunaposikia mukubwa fulani anasema ku redio kwamba «raia hawajakomaa», tunaomba mwandishi wa habari amuulize tu: sheria ya mwisho muliyopitisha, Kiswahili chake kiko wapi?

Turudi kwa ile habari ya diploma, maana tunajua wengi wenu munaiwaza hata kama hamuisemi. Kwamba mutu asiyejua asichague. Inaonekana kama akili. Lakini sisi watoto wa Congo tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuisema, kwa sababu tulikwisha kuitendewa.

Mwaka 1948 serikali ya wakoloni ilileta karte ya sifa ya uraia, kwa Mweusi aliyeonekana ameendelea. Mwaka 1952 wakaleta uandikishwaji, cheo cha juu zaidi. Mutu alichunguzwa namna anavyoishi nyumbani kwake, ili waone kama anastahili kuhesabiwa karibu na Mzungu. Waliopita walikuwa wachache sana. Mwaka 1955 profesa Van Bilsen wa Ubelgiji aliandika mupango wa miaka 30 wa kutupeleka ku uhuru, na Wabelgiji wengi wakamuona ni mwenye haraka! Mwaka 1957 waliachia uchaguzi wa kwanza wa makomine, ndani ya miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Mwaka 1960 wakati wa kuchagua bunge la kwanza, mama zetu wakubwa hawakupiga kura, wanaume peke yao. Kila mara neno lilikuwa lile lile: bado hawajui, wangoje.

Na wenye kujua, walifanya nini? Septemba 1960, kisha Mobutu kusimamisha Lumumba na wanasiasa wengine, inchi iliwekwa mikononi mwa kundi la makomisere. Walikuwa wanafunzi wa universite na wenye diploma, vijana kama sisi, wenye masomo ya juu zaidi inchi iliyokuwa nayo. Ni wakati wao Lumumba aliuawa, 17 Januari 1961. Hatuleti habari hii kwa kuchukia masomo, tumeyalipa kwa jasho la wazazi. Tunaileta kwa sababu diploma haikumuzuia mutu kufanya ubaya mukubwa kuliko ule ambao muuza makala hawezi hata kuufikiri.

Wala hatuhitaji kurudi mbali vile. Machi 2019, kisha madepite wa majimbo kuchagua maseneta, malalamiko ya feza yalikuwa mingi hata Raisi akasimamisha kwanza kuingia kwa maseneta wapya. Wale waliopiga kura pale hawakuwa watu wa soko. Walikuwa madepite, watu wenye kujua kila kifungu. Januari 2024, tume ya uchaguzi CENI ilifuta kura za wagombea 82 juu ya wizi, rushwa na kukutwa na mashine za kupigia kura. Ndani yao kulikuwa wenye vyeo vikubwa. Yule anayejua naye anauza. Tofauti ni bei tu.

Tunafika sasa ku mupira na bia.

Tungependa kusema kwamba sisi tulikataa. Hapana. Kampanye ya 2023, wengi wetu tulifanya kazi kwa wagombea. Tuliwabebea mabango, tulipanda nyuma ya moto tukipiga kelele, tulikaa ku mulango wa ofisi za kura kama mashahidi wa vyama ambavyo hatukujua hata mupango wao. Mumoja wetu alivaa mipira ya watu watatu ndani ya juma moja. Tulilipwa, wengine walipewa ahadi na mupaka leo wanapiga simu ambayo haishikwe. Tulijiambia: ni kazi tu, moyo wetu hauko hapo. Lakini mama wa kartie alipotuona, hakuona moyo wetu. Aliona kijana aliyesoma akisema «huyu ni muzuri», akaamini masomo yetu. Sisi tulikuwa sehemu ya lile giza. Tulikuwa ndio wale tuliokuwa tunaonyesha njia na tochi isiyo na mawe.

Kuko msemo tuliokuwa tunaurudilia, hata sisi wa harakati: kula feza yao, chagua mwingine. Ni tamu kusema. Tuliusema sana. Leo tunauona vingine. Mgombea si mujinga, anaandika ndani ya kitabu chake kila franka aliyotosha. Akiingia, anaanza kwanza kujilipa. Na asipoingia, wa kesho anajifunza kwamba Beni haichaguliwe kwa maneno, inachaguliwa kwa mifuko ya mchele, basi mwenye maneno na asiye na mchele hata haji kujiandikisha. Ulikula, ukachagua mwingine, lakini ule mwingine naye alikuwa na mchele.

Hatumuhukumu mutu ambaye mufuko wa chumvi ulimaliza njala ya nyumba yake siku ile. Huku kwetu kuko watu waliokimbia shamba lao mara tano, wanaishi kwa jirani, na kakao yao inavunwa na wengine. Mutu wa namna ile ukimuambia «kataa chumvi kwa ajili ya demokrasia», anaweza kukutemea mate na atakuwa na haki. Tunachoweza kumuambia ni hiki: kura ni siri. Ni Katiba yenyewe inasema, kifungu cha 5. Tulisikia watu wakitishwa kwamba eti mashine inajua jina lako, eti wataona ulibonyeza nani. Ni bongo. Alichokula mutu hakimufunge. Lakini sisi tuliokuwa tunagawa ile chumvi, sisi tuko na deni.

Na wale wanaosema watu wetu hawajali kura, tuwakumbushe 30 Desemba 2018.

Wengi wetu tulikuwa ndio tumefika miaka 18. Ilikuwa kura yetu ya kwanza. Siku chache mbele, tukaambiwa Beni, Butembo na Yumbi hawatachagua pamoja na inchi. Kwetu huku sababu ilikuwa Ebola na usalama. Watu zaidi ya milioni 1 wakatoshwa hivi hivi. Tutachagua Machi, na raisi angeapishwa Januari. Yaani munaweza kuja kwenye ndoa kisha bibi-arusi amekwisha kwenda kwao.

Mulifanya nini siku ile? Munakumbuka. Beni ilijipanga yenyewe. Watu walinawa mikono juu ya Ebola, wakapanga mustari, wazee na vijana, wakapiga kura ya karatasi ambayo walijua vizuri kwamba hakuna mutu ataihesabu Kinshasa. Hakuna mupira uliogawanywa pale. Hakuna bia. Hakuna mutu aliyelipwa ata franka moja kwa kusimama ndani ya mustari ule. Walitaka tu ijulikane kwamba wako. Miaka mitano kisha, ndani ya mitaa ile ile, tunasema watu hawa ni mbuzi wanaofuata majani? Kuna kitu kilichotokea kati ya siku ile na 2023, na si akili iliyowapotea. Walisimama, wakaona kwamba kusimama hakukubadilisha kitu. Tangu 6 Mei 2021, gavana wetu ni mwanajeshi na meya ni polisi, hawakuchaguliwa na mutu. Ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, 2023 hata hawakupiga kura, juu ya vita. Mutu akifundishwa kwa miaka kwamba kura yake ni karatasi, siku moja ataiuza kwa bei ya karatasi.

Tunaona na hesabu ya inchi muzima: 2023 walioandikwa walipita milioni 40, waliopiga kura ni kama milioni 18. Zaidi ya nusu walibaki nyumbani, ao walifika wakakuta ofisi haijafunguliwa, ao jina haliko ku orodha, wakarudi. Ukitaka kusema habari ya uraia, anza na wale.

Basi kazi yetu ni gani? Hatuko na redio, hatuko na feza. Tuko na kitu kimoja ambacho tulikifanya kuwa kilio: wakati. Kijana asiye na kazi ana masaa. Tunakaa ku kona tangu asubuhi, tunazungumzia mupira wa Ulaya mpaka tunajua jina la mukocha wa timu ya tatu ya Italia. Lakini depite wetu alikaa ndani ya kamati gani ya bunge? Kimya. Aliuliza maulizo mangapi? Kimya. Tulijipima sisi kwa sisi juma lililopita, watu 11, na mumoja tu aliweza kutaja kazi mbili za depite zilizoandikwa ndani ya Katiba. Wengine walisema «kuleta barabara».

Depite haletake barabara. Ni hapa ujinga wetu unawafaidisha sana. Kazi yake ni kupiga kura ya sheria na kuchunguza serikali na makampuni ya Leta, kifungu cha 100. Vyombo vyake vimeandikwa ku kifungu cha 138: ulizo la mdomo, ulizo la maandishi, kumuita minista ajieleze, tume ya uchunguzi. Akileta bomba moja la maji na picha yake kubwa juu yake, tunapiga makofi, na yeye amefurahi kwa sababu bomba ni rahisi. Kumuuliza minista wa feza juu ya nini asilimia 40 ya mapato ambayo kifungu cha 175 kinaacha ku majimbo haibaki ku majimbo, hiyo ni nguvu. Ile feza ingejenga mabomba mangapi? Anatupatia zawadi ndogo ili tusimuombe kazi kubwa. Na tukimuomba zawadi, ni sisi tunamufundisha.

Kwa hiyo tumeanza kitu kidogo. Tumetengeneza karatasi mbili za Kiswahili chetu hiki, na wenzetu wameitia ndani ya Kinande. Ukurasa wa kwanza ni ile hesabu ya vifuko. Wa pili ni nani anachagua nani, maana tuligundua watu wengi wanajua walipiga kura kwa depite wa jimbo lakini hawajui kwamba ni yeye kisha anachagua seneta na gavana kwa jina lao. Ukijua ile, unamuangalia depite wa jimbo kwa macho mengine. Ni yeye muchaguzi mukubwa, na feza kubwa inapita kwake.

Tunaenda nazo fasi watu wamekaa: kwa wamotari wakingoja wateja, nyuma ya misa, ku maji. Tulijifunza haraka kutokufanya hotuba. Siku ya kwanza mumoja wetu alianza «wapendwa raia» na wamotari wakawasha moto zao wakaenda. Sasa tunakaa, tunauliza: wewe ulimupa nani, na alipita? Hapo mazungumzo yanawaka yenyewe, na masaa mawili yanapita.

Tena tumeandika barua kwa kutumia kifungu cha 27. Kinasema kila Mcongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia mukubwa wa serikali, na mukubwa anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tumeomba kitu kimoja tu: sheria ya uchaguzi kwa Kiswahili, ibandikwe ku kila ofisi ya kartie. Hatukuomba barabara. Tunahesabu siku ku kalenda, na siku ya 90 tutarudi hapa kuwaambia kama walijibu ao walinyamaza. Wale wenu wa Bunia, Kisangani, Uvira, Kalemie, Lubumbashi, munaweza kuandika ile ile. Haina haja ya ruhusa yetu.

Na tunakuwa wazi juu ya hii: mwenzetu atakayevaa mupira wa mgombea kampanye ijayo asije ku karatasi. Hatumufukuze, hatumuchukie, tunajua njala ni nini. Lakini mikono miwili haiwezi kufanya kazi mbili hizi. Wengine wametuambia ni ukali wa bure. Tulijadiliana usiku muzima na wawili wakatoka. Bado tunawaita ndugu.

Tulirudi kwa mama wa makala. Ilituchukua muda kupata moyo. Tuliketi ku mifuko yake, tukachukua vipande vya makala, tukavipanga chini: hiki ni kifuko cha chama hiki, hiki ni cha kile. Akaelewa mbele yetu tuliomaliza. Akachukua vipande viwili akavisogeza mwenyewe, akasema: «Basi siku ile ningeangalia hawa bengine benye biko chini yake.» Ndiyo, mama. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: «Na ule aliingia na kura za benzake, ye anajua kama alibebwa na sisi benye hatukumuchagua? Ofisi yake iko wapi?»

Hatukujua. Safari hii tulimuambia hivyo: mama, hatujui, tutaenda kuuliza. Alitutolea karatasi zetu mikononi, akaomba zingine kumi kwa ba mama wa upande wa ndizi. Tunazitoa kopi Jumamosi. Mwenye ako na wino ao rame ya karatasi, atuandikie.